Filimbi ya Akida

Ndugu zangu, mwaka 1983 hapa Songwa hapakuwa na nyumba yenye vicheko kama ya Akida, mwendesha mashine ya kusaga mawe kwenye mgodi wa almasi. Kila jioni alitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, barazani huku akimtania mkewe, Mwamvua, mama wa binti yao Zuwena. Lakini siku za karibuni ilibidi Mwamvua amwite mara tatu ndipo ageuke.

Ijumaa moja Akida alirudi kutoka kupimwa masikio, meno yote nje.

"Mama Zuwena, masikio mazima! Filimbi ya mashine ya mganga wa zahanati nimeisikia mwanzo mpaka mwisho, mkono niliouinua kuonyesha nasikia haukushuka. Jumatatu nahamia shimoni, kwenye baruti."

Mwamvua aliacha kukoroga mboga. Kule king'ora kikilia watu hukimbia, asiyekisikia analipuliwa.

"Na sasa hivi, hiyo filimbi unaisikia?"

"Naisikia. Haizimiki hata nikilala."

Mwamvua aliweka upawa chini, akamburuta mumewe mpaka zahanati.

"Bwana Pantaleo, filimbi yako mume wangu kaondoka nayo!"

Mganga alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Alikiri kwamba visikilizio vya mashine yake, vile vya kuvaa masikioni, viliharibika, akaazima vya redio. Vililegea masikioni, na namba za kupimia sauti kwenye mashine hazikupangwa kulingana na visikilizio hivyo. Tena sauti aliyompigia ilikuwa moja ndefu, sawa na mlio uliokuwamo kichwani mwa Akida. Jamani, mtu alikuwa anajibu mlio wake mwenyewe!

Pantaleo aliomba uhamisho usimamishwe. Visikilizio halisi viliporudi kutoka Mwanza vilikopelekwa kutengenezwa, alimvua Akida kofia, akavibana sawasawa, akapiga sauti za kukatika: pii, pii, pii. Mkono ulitulia pajani. Mwamvua aliukodolea macho, akitamani kuunyanyua yeye. Ulipopanda, kitufe cha kuongezea sauti kilikuwa kimezungushwa karibu mwisho.

"Kumbe ile filimbi ni yangu?" Akida aliuliza kwa unyonge.

"Ni yako, baba," Mwamvua alijibu kwa sauti kubwa, machozi na kicheko pamoja. "Lakini wewe bado ni wangu."

Akida akapewa kazi stoo, mbali na kelele. Jioni Mwamvua humgusa bega kwanza, kisha ndipo humjibu utani wake.

Funzo

Ukipimwa masikio, usiinue mkono ili upasi. Sema kama yanalia yenyewe. Nanyi wapimaji, kifaa cha kuazima na sauti isiyofaa hutoa jibu la uongo, na jibu hilo lilibakiza siku tatu tu kumpeleka mume wa mtu kwenye baruti.