Paneli Iliyotazama Makaburi

Kule Udayn, chini ya milima ya Ibb, kila nyumba inajua saa zake: nguo zinafuliwa adhuhuri, simu zinachajiwa mchana, na paneli ya sola inageuzwa kwa mkono mara tatu kwa siku ilifuate jua. Nyumbani kwa Jalila kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, Muthanna. Alipozikwa, Jalila akawa anapanda juu ya paa mwenyewe na magoti yake mabovu. Atafanyaje? Friji ndogo ndiyo iliyomtunzia insulini yake, na duka la dawa ni safari ya siku nzima.

Upweke ulimla kweli. Wa kusema naye alibaki mmoja tu, Umm Nashwan, jirani wa paa la pili.

"Shoga, leo umewahi," Umm Nashwan alimtania asubuhi moja. "Paneli umeshageuza na uso hata hujanawa."

Jalila hakuwa ameigusa. Ilikuwa imeelekea kaskazini, kwenye makaburi. Mvua ilikuwa siku ya tatu, betri za kijiji kizima zimekufa. Yake imejaa pomoni, taa ya kijani inawaka kwenye kisanduku cha chaji. Jamani, alifurahi. Alijua ni nani aliyemgeuzia.

Siku ya tano Umm Nashwan alimletea mkate wa mtama, akamnong'oneza.

"Nimepita makaburini. Yote yamelowa chapachapa. La Muthanna kavu, na limetitia. Mwache mtu wa watu apumzike."

Jalila akalia. Kisha akaielekeza paneli kusini, akaifunga kwa kamba mafundo matatu. Insulini ikiharibika, na iharibike.

Asubuhi kamba ilikuwa imekunjwa vizuri, imewekwa pembeni. Paneli ilitazama mlango wa Umm Nashwan. Betri imejaa.

Akamwita shoga yake kutoka paani. Kimya.

Akaitupia paneli blanketi, akashuka kadiri magoti yalivyomruhusu. Umm Nashwan alikuwa amekaa jikoni kwake, unga wa mtama mikononi, macho wazi. Jalila akamgusa shavu. Baridi, kama chupa iliyotoka kwenye friji.

Walimzika alasiri ile ile. Juma zima mvua haikukatika, na blanketi halikufunuliwa. Taa ya kijani haikuzimika. Kila asubuhi Jalila alijichoma dawa yake, na hakuwa na mtu wa kumwambia.