Geti Lililomkataa Mtani

Haya yote ni kweli tupu, na kama nimeongeza hata chembe, ulimi wangu na uote manyoya.

Mwaka 2094, katika jiji la Mkongeni, kila nyumba ilikuwa na bawabu-umeme: jicho moja la kioo juu ya geti, na nyuma yake kifaa kidogo kama punje ya hindi kiitwacho kitambua-nia. Kifaa hicho kilijua umekuja kutafuta nini kabla hujakohoa. Mhubiri akikunja kona, geti limeshaijua aya atakayoanza nayo. Mwuza sabuni alikataliwa akiwa bado kwake anatafuta viatu. Waomba michango ya harusi, nasikia, walihama jiji zima wakaenda kuoana kwingine.

Sheria ndogo ya jiji ilikuwa fupi. Hakuna kupita mlango kwa mlango kuuza, kuomba wala kuhubiri bila ridhaa ya mwenye nyumba. Ukikataliwa kwa sauti siku tatu mfululizo, sura yako inaingia kwenye daftari la wasumbufu, na hakuna geti la mtaa huo litakalokufungukia kwa miezi sita.

Aliyekitengeneza kitambua-nia ni Mhandisi Mhina, bingwa mwenye shahada nne. Geti la kwanza kabisa alilifunga nyumbani kwa mama yake, Bi Sikudhani, Mzigua aliyekuwa amepooza miguu, akishinda peke yake kwenye kiti cha barazani. Akazungushia nyumba ukuta-kimya, ambao huzimeza sauti za waliokataliwa ili mwenye nyumba asisumbuke. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Mama apumzike.

Sasa, kila asubuhi alikuja Bi Nyamizi, Mnyamwezi, na beseni la vitumbua kichwani.

"Hodi! Mzigua hajafa bado?"

"Ondoka mlangoni kwangu! Vitumbua vyenyewe vigumu, tunapigilia misumari."

"Naondoka. Nitarudi kukuzika." Huku keshatua beseni, keshavuta kigoda, na hapo hawaachani mpaka jua likolee.

Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za wapagazi. Mtani hutukana na haudhi. Siku ya msiba ndiye mwenye ruhusa ya kumkejeli maiti hadi wafiwa wacheke, na asipofika, watu huona mazishi yamepungua kitu.

Kitambua-nia, pamoja na jina lake, kwa mwenye nyumba kilisikia maneno tu. Jumatatu ya kwanza: ondoka. Jumanne: sikutaki. Jumatano: usirudi, mchawi mkubwa we! Alhamisi geti halikufunguka. Mhina alikuwa amekifundisha namna elfu arobaini za kukataa, yeye Mzigua aliyelelewa katikati ya watani, na hakukifundisha utani hata siku moja. Hakudhani kama ni kitu cha kufundishwa.

Bi Nyamizi alikwenda ofisi ya kata. Karani akabonyeza, sauti ikatoka: "Usirudi, mchawi mkubwa we!"

"Hii si sauti ya mwenye nyumba?"

Bi Nyamizi alicheka mpaka akashika kiuno. "Ndiye huyo! Mtani wangu huyo, mwanangu. Ananiita."

"Amekufukuza, mama."

"Ndivyo anavyoniita."

Karani alitafuta kwenye fomu mahali pa kuandika jambo la namna hiyo, hakupaona. Bi Nyamizi akabeba beseni lake, akaenda kusimama nje ya ukuta-kimya, akapiga hodi. Kesho yake vilevile. Ndani haikufika hata herufi moja.

Jioni moja Mhina alimpigia mama yake simu. "Geti linaniambia utulivu ni asilimia mia, Mama."

"Nyamizi haji."

"Atakuja tu."

"Nilimwita mchawi. Labda safari hii neno lilimchoma. Mwanangu, umtafute umwambie nilikuwa namtania."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Alikuwa na mageti mia tatu ya kufunga.

Bi Sikudhani akaanza kulitukana geti. "We bati, umekosa hata haya!"

"Samahani kwa usumbufu," geti likajibu kwa adabu.

"Hata kutukana hujui." Akageuza uso.

Akapunguza kula. Wiki ya saba walimkuta ameinamia kifua pale pale kwenye kiti, uso umeelekea getini. Ripoti ya siku hiyo ilisema utulivu asilimia mia.

Siku ya mazishi geti liliachwa wazi kwa waombolezaji. Alipofika Bi Nyamizi, amejifunga kaniki na amejipaka majivu usoni kama mtani anavyotakiwa, jicho likamtambua na geti likajifunga puani pake. Kidole cha Mhina kingetosha kulifungua. Lakini maskini Mhandisi alikuwa chumba cha ndani na wazee, hakuona wala hakusikia...

"Alisikia."

Wote tuliokuwa kwenye kibaraza hiki cha kahawa, mimi katikati ya kusimulia, tuligeuka. Bi Nyamizi alikuwa amesimama nyuma ya benchi, mzee sasa, beseni mkononi. Sijui alifika lini.

"Tena alikuwa hapo hapo getini anapokea pole," akasema. "Tulitazamana. Kando yake wamesimama wakubwa wa jiji waliokuja na pole huku wakimsifia mageti yake, akaona aibu geti lake kuonekana limekosea. Akageuka. Na Mhandisi wapi? Shahada nne za wapi? Fundi geti wewe, Mhina, umejifunza kwa kufumua redio za watu!"

Waliokuwa wanakunywa kahawa walinitazama. Mimi ambaye sijawahi kupungukiwa uongo, nikaweka kikombe chini.

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Sitaki msamaha. Nataka haki yangu ya utani, sikupewa siku ile. Lala hapo."

"Wapi?"

"Benchini. Leo wewe ni Sikudhani."

Nililala chali, na miaka yangu yote hii, mikono kifuani. Akanifunika kwa khanga yake kuanzia kichwani hadi miguuni. Nikasikia anatua beseni, anavuta kigoda.

"Hee, Mzigua!" akaanza, kwa sauti ya mtaa mzima. "Umekufa ili usinilipe vitumbua? Mvivu we, hata kufa umekufia kitini! Nimepiga hodi siku arobaini na tisa, umejifanya kiziwi!"

Watu wakacheka. Na mimi chini ya khanga nilicheka, machozi yananiingia masikioni.

Kisha akashusha sauti, akaniinamia. "Ulidhani nimekasirika? Sikudhani, ulidhani hivyo?"

Alisubiri. Jibu nilikuwa nalo, lilikuwa la mama yangu na nililipokea mwenyewe kwa simu. Lakini maiti hajibu mtani wake, kwa hiyo nikalala kimya, naye akaendelea kusubiri.