Sarafu Iliyosuguliwa Zaidi Mbele ya Pua

"Usiiguse! Weka mikono yako mezani niione!"

Maneno hayo aliniambia mama mkwe wangu. Jumamosi, saa nne asubuhi, sebuleni kwake, mbele ya watu!

Mke wangu amekaa pembeni yangu... kimyaaa, kama vile anayeambiwa ni mpita njia.

Mimi, mwanaume wa miaka hamsini na mbili, nina mvi mpaka kifuani. Nikaweka mikono mezani kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

Najua huko kwenye simu zenu mmeshaanza kunihukumu. Tulieni kwanza.

Mimi nanunua sarafu za zamani za fedha. Shule niliishia darasa la sita. Kazi nilifundishwa na sonara mmoja mzee, aliyekuwa akinizaba kofi la kisogo kila nikisema, "Hii nzuri, inang'aa." Leo nina chumba kimoja chini ya ngazi. Meza dirishani, mizani, kioo cha kukuzia, taa. Basi.

Kabla sijatoa hela nataka kujua mambo mawili tu. Imechakaa kiasi gani? Na je, kuna mjinga ameisafisha?

Maana wajinga wapo, tena wengi! Mtu anarithi sarafu ya miaka themanini, ina weusi wake mzuri umeilinda miaka yote hiyo. Anafanya nini? Anachukua mswaki na dawa ya meno, anasugua kama anasugua sufuria la ubwabwa ulioungua. Halafu anakuja kwangu meno nje.

"Bosi, nimekutakatishia!"

Umenitakatishia? Umeitoa ngozi, bwana! Sarafu iliyosuguliwa ni kama mtu aliyechunwa.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe.

Miaka kumi na moja iliyopita, sarafu ya fedha ya marehemu baba mkwe ilitoweka kwenye kisanduku cha mama. Haikuwa sarafu ya mchezo. Mzee alipomposa mama hakuwa na pete. Akachukua ile sarafu, akachora herufi ya kwanza ya jina la mama kwa ncha ya msumari, mbele ya pua ya yule mfalme aliyechapwa juu yake. Ndiyo ilikuwa pete yao.

Ikatoweka.

Na katika ukoo mzima, nani anafanya biashara ya sarafu?

Eeeh. Hata ninyi mmepata jibu.

Hakuna aliyenishtaki. Wangenishtaki ningejitetea. Walinitazama tu! Nikifika pale, mama anafunga kwanza chumba chake kwa ufunguo, anauangusha ufunguo kifuani, ndipo anasema karibu.

Nami nikawadharau wote. Nikasema moyoni, watu hawa akili zao hazijai kijiko, nijieleze kwao ili iweje? Sikujieleza hata siku moja.

Turudi sebuleni.

Alikuwepo shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Anaitwa Msomi. Jina alijipa mwenyewe. Vyeti vitatu vyenye fremu vimetundikwa ukutani kwa mama, kazi hana hata moja! Joto lote lile, yeye yuko ndani ya koti, anatiririka jasho kama dirisha la jikoni.

Pembeni yake kulikuwa na jamaa mwenye mkoba na miwani myeusi. Miwani myeusi ndani ya nyumba! Huyo tumwite Mkoba.

Mama alikuwa ameuza kiwanja chake. Miaka yote alitafuta sarafu nyingine kama ile ya mzee, ya mwaka ule ule, airudishe kisandukuni kabla hajafa. Msomi ndiye aliyempatia muuzaji. Mimi sikualikwa. Nilimsindikiza tu mke wangu, nikakuta hela za kiwanja ziko mezani, na sarafu iko juu ya kitambaa cheupe inawakawaka kama kifuniko cha soda.

Nikanyoosha mkono. Ndipo akanipigia ile kelele.

"Mama, nilitaka niitazame tu kabla hujalipa."

"Ile ya kwanza uliitazama, ikaenda wapi?"



Miaka kumi na moja, hatimaye limetoka mdomoni!

Nikamgeukia mke wangu. Anachezea kamba ya pochi.

Msomi akacheka. "Shemeji, hivi si vyuma chakavu vya kule chini ya ngazi. Hii ni daraja la juu kabisa. Haijawahi kutumika! Huoni inavyong'aa?"

"Umesomea wapi sarafu, Msomi?"

"Nimefanya utafiti."

"Kwenye simu?"

"Mtu wa darasa la sita ataniuliza mimi nimesoma wapi!"

Mkoba naye akachekea ndani ya kola.  Nikamwambia mama:

"Sitaigusa. Ishike wewe mwenyewe, mimi nitakuelekeza tu. Nikikosea, niite mwizi mpaka nizikwe, na hapa kwako sikanyagi tena. Nikipatia, hela zako zinarudi kwenye mkoba wako wewe, siyo wa huyu."

Mama akanipima kwa macho. Alikuwa fundi cherehani miaka arobaini, mtu wa kupima kabla hajakata.

"Haya. Sema."

Nikakitelezesha mezani kioo changu cha kukuzia. Akakishika.

"Ipeleke dirishani. Iinamishe pole pole, huku na huku. Sarafu ambayo haijatumika, ule mwanga unazunguka juu yake kama spoku za baiskeli. Unazunguka?"

Akainamisha. Akarudia.

"Hauzunguki. Unawaka wote kwa pamoja tu."

"Kama kijiko kipya?"

"Kama kijiko."

Msomi akaingilia. "Inategemea na dirisha, mama!"

"Nyamaza," mama akasema. "Enhe, mkwe?"

Mkwe! Sijaitwa hivyo siku nyingi.

"Tazama nywele za mfalme, juu ya sikio. Unaona nywele moja moja?"

"Naona... bapa. Kama kitambaa kilichopigwa pasi mno."

"Hapo ndipo panaponyanyuka, kwa hiyo ndipo panapolika kwanza. Hii imepita mikono ya watu mpaka nywele zimekwisha. Sasa nijibu wewe mwenyewe. Kitu kimechakaa hivyo, kinang'aaje kama kimetoka kiwandani jana?"

 Mama alikuwa tayari ameizamisha sura kwenye kioo.

"Kuna mikwaruzo," akasema. "Mingi. Myembamba kama nyuzi. Yote inaelekea upande mmoja."

"Ya mfukoni huwa inakwenda ovyo. Ya upande mmoja ni ya mkono wa mtu na mswaki. Angalia kwenye meno ya ukingo."

"Kuna unga mweupe."

"Unuse."

Mama akanusa... akakunja uso.

"Dawa ya meno!"

Jamani, nilitaka kusimama nipige makofi. Bichwa la Msomi lilikuwa linapungua hewa pole pole.

Mkoba akakohoa. "Imesafishwa kidogo tu, mama. Kwa heshima yako."

"Heshima gani? Hapo umemuuzia mama wa watu kipande cha fedha cha kupimwa kwa uzito, kwa bei ya kiwanja!" nikamwambia.

Kwangu mimi ilikuwa imekwisha. Hela zimepona, nichukue kofia yangu nitoke kwa madaha.

Lakini mama hakuiweka chini. Kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya uso wa sarafu, kinarudi, kinapita tena. Mnajua mafundi cherehani, vidole vyao vinaona.

"Mkwe... mbona hapa kuna bonde?"

"Wapi?"

"Hapa. Mbele ya pua."



Mtu anayesafisha sarafu kwa ujinga anasugua kote sawasawa. Anayesugua mahali pamoja mpaka panabonyea, huyo hasafishi. Huyo anafuta kitu!

"Mama, chukua simu yako. Washa tochi. Usiimulike kwa juu, ilaze tochi mezani, mwanga upite ubavuni mwa sarafu."

Akafanya hivyo.

Mwanga ukalala juu ya lile bonde. Pale pale, ndani ya ule mng'ao wa dawa ya meno, kikatokea kivuli cha mchoro. Hafifu. Msumari ulikuwa umeingia ndani kuliko alivyoweza kufika msuguaji.

Ilikuwa herufi.

Mama hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, akasema kama anayezungumza na mtu mwingine kabisa:

"Baba watoto..."

Sarafu haikuwa inayofanana na ya mzee. Ilikuwa YENYEWE! Mama alikuwa ameuza kiwanja ili anunue mali yake!

Mkoba akaruka wima. "Mimi simo! Nimepewa tu niilete, nikaahidiwa fungu langu! Mwenyewe huyu hapa!"

Kidole kwa Msomi.

Msomi koti lote limelowa. Nikasema, haya sasa, mwizi wangu wa miaka kumi na moja ndiye huyu mwenye vyeti. Nikajiandaa kumpa maneno ambayo hayamo kwenye cheti chochote...

"Sikuiba!" akapayuka. "Dada ndiye aliyenipa!"

...

Msomi ana dada wangapi wa kuwafikiria? Aliye hapo sebuleni ni mmoja tu.

Nikageuka. Mke wangu ameinamisha kichwa, machozi yanadondokea kwenye pochi.

"Alikuwa anafukuzwa chuo kwa kukosa ada," akasema. "Nikaitoa kisandukuni, aiweke rehani mwezi mmoja tu. Akaniambia imeuzwa..."

Akamgeukia mdogo wake. "Si uliniambia umeiuza?"

"Nilijaribu! Kila mnunuzi anasema imechorwa, anataka kulipa uzito tu. Ningekwambia ninayo, si ungeitaka?"

Mnamsikia msomi? Hiyo ndiyo akili iliyogharimiwa na ukoo mzima! Ameificha miaka kumi na moja. Aliposikia mama ana hela za kiwanja, akaona soko. Akaisugua ile alama ili mama asiitambue, na bado akashindwa hata kusugua vizuri!

Lakini kwa wakati ule Msomi alikuwa mdogo kama punje kwangu. Nilikuwa namtazama mke wangu.

"Ulikuwa unamwona mama akifunga chumba nikiingia?"

"Nilikuwa naona."

"Ukawa unaniambia nini?"

Akafuta machozi kwa kiganja.

"Ulikuwa unaniambia, mpuuze mume wangu, mama amezeeka. Hata leo ameniita mwizi umekaa hapo hapo!"

"Niliogopa..."

Mama akasimama. Akamwendea mwanawe wa kiume.

"Vua hilo koti. Nililishona mimi."

Akalivua. Chini shati lilikuwa na tobo kwapani.

"Sasa toa vyeti vyako ukutani, uondoke navyo."

Mtu mzima, anapanda kiti kutungua fremu, mkono mmoja anaziba tobo. Mkoba alikuwa ameshatoweka zamani, hata miwani yake iliyomdondoka kaisahau.

Mama aliniomba radhi. Alinishika mikono yote miwili, akaniambia, "Nimekukosea, baba." Akaniuliza sasa ile sarafu inafaa nini. Nikamwambia ukweli, kwa mnunuzi haifai kitu zaidi ya uzito wake, na ile ngozi hairudi. Akasema yeye si mnunuzi.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Leo Jumanne.

Sasa somo. Ukitaka kununua sarafu kuukuu, iogope ile inayong'aa. Uliza nani kaisugua, na alikuwa anafuta nini. Kama unayo nyumbani, iache na weusi wake, weka mswaki mdomoni kwako!

La pili linanihusu mimi. Niliwaona wajinga nikaona kujitetea ni kujishusha. Kumbe dharau yangu ndiyo iliyomficha mwizi. Siku ya kwanza tu ningesimama pale sebuleni nikasema, "Mimi sikuchukua, tuulizane mmoja mmoja," mke wangu asingeweza kustahimili hata dakika tano. Namjua. Nikajifanya mkubwa, nikanuna miaka kumi na moja. Mjinga wa kwanza pale sebuleni nilikuwa mimi.

Na wewe mama watoto, najua utasoma haya ukiwa umejifungia humo chumbani. Usiniwekee alama ya kopa hapo chini ya maandishi. Usiniandikie ujumbe mrefu wenye vikatuni vinavyolia.

Njoo sebuleni uyaseme kwa mdomo. Nimekaa.