Miwani Inateleza

Foleni ya duka la miwani ilikuwa imefika mlangoni. Dada wa mapokezi, aliyeponyoka kwenye ofisi yao ya bima ng'ambo ya barabara kwa dakika kumi tu, alisimama wa nne, gauni la samawati limemkaa, uso kaupamba ukapambika. Asubuhi, lakini. Saa sita hii pua ilishaanza kung'aa.

"Fundi, miwani yangu inateleza," alilalamika zamu yake ilipofika.

Fundi akaitazama miwani, akamtazama mwenyewe, akazungusha skrubu. "Ikilegea tena urudi, bibie."

Ikateleza tena. Akarudi kesho yake, na keshokutwa yake, mwisho hata isipoteleza anarudi. Mapenzi hayo, jamani!

Miezi mitano wakapendana, ila kwa taabu. Wakikaa mkahawani, robo saa haijaisha dada kashanyanyuka na mkoba na simu, mbio chooni. Huko ni poda juu ya mafuta, mafuta juu ya poda, mpaka uso unakuwa mzito, na akirudi mezani mazungumzo yameshapoa. Mchumba wake wa zamani aliwahi kumwambia mbele za watu kwamba uso wake una mafuta ya kutosha kukaangia maandazi, akamwacha. Tangu siku hiyo aliapa hakuna mwanamume atakayeuona uso wake ukitoka mafuta.

Jioni moja simu ya dada ikalia; ni fundi.

"Huyo unayekwenda kuongea naye chooni ni nani?"

"Hakuna mtu, mpenzi."

"Mara nne kwa saa moja? Mimi si mtoto."

"Nikikuambia utacheka."

"Basi sawa. Usinitafute tena." Akakata.

Siku tatu dada hakula. Dada yake mkubwa akamjia juu: "Mficha uchi hazai, mdogo wangu! Akukimbie kwa uso wako, si kwa mwanamume ambaye hata hayupo!"

Siku ya nne, saa sita mchana, akanawa uso kwa sabuni, akavuka barabara hivyohivyo. Duka limejaa. Paji la uso linameta. Akabwaga kopo la poda juu ya meza ya fundi.

"Huyu ndiye niliyekuwa naye chooni. Uso wangu unatoka mafuta. Haya, cheka."

Fundi hakucheka. Aliweka bisibisi chini.

"Mafuta niliyajua siku ya kwanza. Miwani haikuwa na kasoro. Ile skrubu nilikuwa nailegeza, naikaza palepale."

"Ukaniacha nihangaike miezi mitano?"

"Ningesema ni mafuta, ungerudi?"

Dada akavua miwani. Asingerudi, na wote wawili walijua.

"Sikujua ndiyo yanayokupeleka chooni," fundi akasema, sauti imemshuka. "Mimi yamenipa mpenzi, kumbe wewe yanakuliza! Nisamehe kwa kukushuku."

Machozi yakamtoka dada, ya uchungu na hasira pamoja. Fundi akachukua karatasi laini, akamgusisha puani taratibu. "Usisugue. Bonyeza tu, mafuta yatoke, poda baadaye. Hata kioo hakipakwi kitu kabla hakijafutwa."

"Nina hasira na wewe."

"Haki yako."

Akavaa miwani yake. Ikateleza.

"Kesho saa sita nakuja uikaze."

"Haina kasoro, nimeshakuambia."

"Nimesikia," dada akasema. "Nitakuja."