Mfuniko wa Bibi Gopdan

Jua lilikuwa linazama nilipotumwa mfuniko.

"Mama Yerin, hebu kimbia ufukweni ukalete mfuniko wa sufuria kubwa ya Mama," wifi yangu Hwaja aliniambia huku akikata vitunguu vya majani. "Ule wa chuma. Usije ukatuletea wa kuchemshia tambi, tukamvisha marehemu kofia ya bati."

Wanawake waliojaa jikoni wakacheka. Nami nilicheka, maana siku ile nilikuwa na furaha niliyoificha. Mama mkwe wangu, Bibi Gopdan, alikuwa ameshazikwa, na jioni ile mganga wetu angeiosha roho yake na kuifungulia njia, aende moja kwa moja. Miaka ishirini nilikula naye meza moja, akiinusa kimchi yangu, kabichi ya kuchachusha, kabla ya kuionja. Nilitaka aende. Nasema wazi.

Hapa kisiwani Jindo, kusini mwa Korea, hakuna asiyejua habari ya mfuniko ule. Mume wangu Duhyeon alikuwa bado mtoto wa mgongoni. Bibi yake, yaani mama mkwe wa Bibi Gopdan, alikwenda mbali kwenye tope la pwani kutafuta pweza wakati maji yamekupwa. Ukungu ukashuka. Ukungu ukishuka, anayebaki nchi kavu hupiga chuma, ili aliye kwenye tope aifuate sauti kabla maji hayajarudi. Bibi Gopdan aliupiga mfuniko mpaka viganja vikachanika. Mama mkwe wake hakurudi. Wilaya ikampa cheti cha Mkwe Mwema, na kimetundikwa sebuleni mpaka leo. Kila nilipochelewa kupika alikitazama kwanza, halafu ndiyo ananigeukia mimi.

Mfuniko ulikuwa kwenye kibanda cha nyavu, umening'inia msumarini. Nje palinuka tope na majani ya bahari yaliyooza. Nikautoa, nikaukumbatia kifuani, nikageuka kuondoka.

Taang...

Nilisimama. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeushika. Haukugusa mlango wala ukuta.

Taang...

Niliusikia ukitetemeka kifuani pangu. Nikakimbia hadi nyumbani, na sikumwambia mtu, kwa sababu Hwaja angenicheka mwaka mzima.

Uani walikuwa wameshamtengeneza. Nguo za Bibi Gopdan zilikunjwa ndani ya jamvi, jamvi likaviringishwa, likafungwa kamba tatu na kusimamishwa wima. Juu yake waliweka bakuli, ndicho kichwa. Mganga, Bibi Chae, akaupokea mfuniko na kumvika kama kofia. Akamwosha kwa ufagio mdogo, kwa maji ya majani machungu ya pakanga, kisha maji ya ubani, kisha maji matupu. Ngoma ilipigwa polepole. Sikupenda kulitazama jamvi lile, kwa sababu lilikuwa na kimo chake kabisa.

Halafu akatandaza kitambaa kirefu cheupe, kimefungwa mafundo.

"Sikilizeni," akasema. "Haya ni ya kwake. Mimi nitatikisa tu, mwenye kufungua ni yeye. Huko alipo hakuna hakimu wa kumwonea wala wa kumpendelea. Anajihukumu mwenyewe, kwa mdomo. Akijidanganya, fundo halifunguki. Na mshumaa huu ukizimika kabla ya fundo la mwisho, atabaki pale alipokaa."

"Atakuwa amekaa wapi?" nikauliza.

"Kwa atakayemchagua."

Akampa Duhyeon tawi la mwanzi, ambalo roho hulitikisa ikimshukia aliyelishika. Likatulia. Akampa Hwaja. Likatulia.

"Haya, wifi," Hwaja akanong'ona, machozi yanamlengalenga lakini bado anatania. "Hata marehemu anajua wa kumtuma."

Nikalishika.

Baridi ilianzia kwenye vidole. Tawi likatikisika... kidogo, kisha kwa nguvu, majani yakipiga mashavu yangu. Nilitaka kuliachia. Vidole vikakataa. Nilitaka kupiga kelele. Mdomo haukuwa wangu tena. Nilikuwa ndani ya mwili wangu kama mtu aliyefungiwa stoo, anasikia watu wanaongea sebuleni na hawezi kuufikia mlango.

"Mbona mmeniwekea supu ya baridi?" mdomo wangu ukasema, kwa sauti yake.

Duhyeon akapiga magoti. "Mama!"

Bibi Chae alishika kitambaa. "Umeishije, dada? Jihukumu."

"Nililea watoto bila mume. Sikuomba kwa mtu."

Kitambaa kikatikiswa, fundo likafunguka. Watu wakashusha pumzi.

"Hwaja alitaka shule. Fedha ilikuwepo. Nilimwambia haipo, kwa sababu nilitaka mtu wa kunisaidia shambani."

Fundo likafunguka. Hwaja akajifunika uso kwa aproni.

"Kimchi ya mkwe wangu..." Mdomo ukasita. "Ilikuwa tamu kuliko yangu. Tangu mwaka wa kwanza."

Likafunguka. Nilijikuta nalia kule ndani nilikofungiwa, miaka ishirini ya hasira inatetemeka, na hata machozi yangu sikuweza kuyatoa. Mafundo yakaendelea kufunguka, madogo madogo, mpaka likabaki moja.

"Bado hili," akasema Bibi Chae.

"Hilo si fundo. Ni kitambaa kimejiviringisha."

"Dada. Mshumaa unaisha."

"Niliupiga mfuniko mpaka viganja vikachanika. Kila mtu anajua."

Kikatikiswa. Halikufunguka.

"Upepo ulikuwa mkali. Uliichukua sauti."

Halikufunguka.

"Nilichoka! Nilikuwa na mtoto mgongoni!"

Fundo likajikaza. Niliona kwa macho yangu likijivuta ndani.

Taang...

Ngoma ilikuwa imenyamaza. Hakuna aliyekuwa karibu na jamvi.

Taang... taang... taang...

Mfuniko ulikuwa unalia wenyewe juu ya kile kichwa. Watu wakarudi nyuma, wakabanana ukutani, benchi likaanguka. Kisha mfuniko ukaacha.

Ndipo nikaona alichokuwa anakiona yeye.

Ukungu. Tope. Mikono ya mwanamke kijana, mikono yake, inashusha mfuniko chini taratibu ili usitoe sauti. Anaukalia. Duhyeon mchanga amelala mgongoni, pumzi zake zina joto shingoni. Na kule kwenye weupe, sauti ya mwanamke mzee inaita.

"Mwanangu! Piga! Mbona umeacha? Mwanangu!"

Yeye amekaa. Anasikiliza. Sauti inakwenda kushoto... inakwenda mbali... inarudi kidogo... Inakwenda mbali zaidi. Anangoja mpaka inakwisha. Hapo ndipo anasimama na kuanza kupiga upya, kwa nguvu zake zote, mpaka viganja vinachanika.

"Sema, Mama," nikamwambia kule ndani. "Sema nitoke."

Akanijibu kwa mnong'ono, karibu nami kuliko alivyowahi kuwa.

"Nikisema, mwanangu atanionaje?"

"Na usiposema?"

"Nitabaki. Hapa kwako pana joto."

Sijawahi kuogopa vile. Niliuona mshumaa kupitia macho ambayo sikuweza kuyafumba, utambi umelala ndani ya nta. Nikafikiria kuamka kila asubuhi nikiwa stoo, yeye akimsuka binti yangu Yerin nywele kwa mikono yangu. Nikapiga kuta za mwili wangu mwenyewe. Nikamsukuma. Nikamsihi kwa jina la Duhyeon, kwa jina la Yerin, kwa jina la yule mzee kwenye tope.

Bibi Chae akasogea, akanong'ona sikioni mwangu. "Hakuna anayekuhukumu, dada. Tuko wawili tu, wewe na wewe."

Mwali wa mshumaa ukawa wa bluu.

"Niliacha," mdomo ukasema.

Duhyeon akainua kichwa.

"Niliacha kusudi. Nilisikia akiniita. Niliukalia mfuniko mpaka akanyamaza. Alikuwa akinipiga, ni kweli, lakini sikuacha kwa ajili ya kupigwa. Niliacha kwa sababu... kwa mara ya kwanza tangu niolewe, hapakuwa na mtu wa kunituma. Kimya kile kilikuwa kitamu. Hata leo bado nakiona kitamu."

Kitambaa hakikutikiswa. Fundo lilifunguka lenyewe, likaanguka wazi. Mshumaa ukazimika. Tawi likanitoka mkononi, nikaanguka juu ya magoti ya Hwaja.

Nilipofumbua macho, Duhyeon alikuwa amesimama juu yangu.

"Yule hakuwa Mama," akasema. "Ulikuwa wewe."

"Baba Yerin..."

"Miaka yote ulikuwa unamchukia. Leo umepata kichaka cha kujifichia."

"Kaka, fundo limefunguka," Hwaja akasema. "Sote tumeona."

"Kitambaa ni kitambaa!"

Akaingia sebuleni. Nikamsikia akikifuta vumbi kile cheti.

Nilimfuata Bibi Chae hadi getini akiwa amebeba ngoma yake. Nilimuuliza kama Mama ameondoka.

"Fundo si umeliona limefunguka?"

"Sikuulizi habari za fundo."

Akanishika mikono, akaigeuza, akatazama viganja vyangu kwa muda. "Amejihukumu, ameenda," akasema. "Lakini alikaa sana, Mama Yerin. Na mtu anayehama kwa haraka hasombi kila kitu." Hakutaka kuongeza neno, na tangu siku ile akiniona sokoni hupita upande wa pili wa barabara.

Majira ya baridi yakapita. Duhyeon alikuwa ananisemesha kwa chumvi na mchuzi tu: leta kile, ondoa hiki. Hakunigusa. Nilikuwa naishi nyumba moja na mtu aliyeamini kwamba nimemchafua mama yake kaburini, na mimi sikuwa na namna ya kujitetea, kwa sababu mdomo uliosema ulikuwa wangu.

Msimu wa pweza ulipofika, jioni moja alikwenda kwenye tope peke yake. Siku hizo hatukuwa na simu za mkononi. Nilikuwa naanua nguo nilipoona mlima wa ng'ambo umetoweka ndani ya ukungu, halafu kibanda cha nyavu nacho kimetoweka. Nikachukua mfuniko na fimbo, nikakimbia.

Nilipiga. Taang, taang, taang. Nilipiga huku nikimwomba Mungu, mizimu na Bibi Gopdan mwenyewe. Maji yalikuwa yanarudi, nilisikia yakinyonya tope. Sikutaka afe. Nampenda yule mwanamume mkaidi, hata alipokuwa haniangalii. Nilipiga, nikapiga tena, na nakumbuka kila pigo.

Akatokea kwenye ukungu, tope limemfika kifuani, midomo ya bluu, ndoo ameitupa. Akaanguka kwenye mawe. Nikamkimbilia, akanisukuma.

"Kwa nini uliacha?"

"Sikuacha!"

"Uliacha. Nilikuita. Nilikuita mpaka sauti ikakauka." Meno yalikuwa yakigongana. "Kama nisingesikia mbwa akibweka kijijini..."

"Baba Yerin, nakuapia, sikupumzika hata kidogo. Upepo ulikuwa mkali."

Akanitazama. Jani halikutikisika pale ufukweni.

Nilimkanda kwa maji ya moto, nikampa supu, akalala akinigeuzia mgongo. Kisha nikaenda bafuni kubadili nguo. Nilivua suruali yangu, ile nyeupe ya kufanyia kazi, nikaigeuza ili niifue.

Nyuma, pale pa kukalia, palikuwa na duara la kutu na masizi. Kubwa. La ukubwa wa mfuniko.

Niliifua mara nyingi, haikutakata. Nimeizika nyuma ya choo na sikumwambia mtu. Duhyeon sasa haendi tena kwenye tope nikiwa nyumbani, hunituma dukani kwanza. Na Yerin amekua, ana mikono imara. Siku yangu ikifika, ndiye atakayeshika tawi, na mimi nitasimama mbele ya fundo langu. Najaribu kuyaandaa maneno mapema, ya kweli, nisije nikamfungia mwanangu stoo.

Kila ninapofungua mdomo peke yangu kuyajaribu, yanaanza na upepo.