Kunawiri kwa Mwamvita

Kwetu Temeke siku inaanza na moshi. Jua halijatoka, mkamwana wangu Mwamvita keshawasha kuni, keshaweka chuma cha vitumbua motoni. Wafanyakazi wa bandarini wanapita hapo wakienda kazini. Mwenye chochote ananunua. Asiyekuwa na kitu anasalimia, anapita. Mie nakaa barazani na ugoro wangu. Kazi yangu kuitikia shikamoo. Msidhani ni kazi ndogo. Watu wa Temeke ni wengi, na wote wana adabu asubuhi.

Mwaka ninaousema, Uhuru ulikuwa umetimiza miaka kumi. Mie ndo kwanza nimeanza kisomo cha watu wazima. Nilikuwa najua kusoma "baba" na "kuku", basi. Lakini si hilo ninalotaka kusema. Nataka kusema habari ya Mwamvita.

Mwamvita ni mke wa mwanangu Jabiri. Kwao Mbagala. Alipokuja kwetu alikuwa mweusi wa kung'aa, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Jabiri yeye ni kuli, anapakua meli. Siku moja akarudi kazini na kikopo kidogo chenye picha ya mwezi. Kakinunua kwa baharia.

"Shika," akamwambia mkewe. "Krimu ya Ulaya hiyo. Wanawake wa mjini wanapaka hii, wanakuwa weupe pee!"

"Kwani mie mbaya?" Mwamvita akauliza, anacheka.

"Nani kasema mbaya? Ila mke mweupe, bwana, hata akipita gizani unamwona."

Ulikuwa mzaha. Jabiri akala wali wake, akalala, akasahau. Mwamvita hakusahau.

Akaanza kupaka. Asubuhi anapaka, jioni anapaka. Kikopo kikaisha. Kumbe hata duka la Bakari hapo mtaani krimu ya mwezi ipo. Akanunua, akaendelea. Uso ukaanza kuwa mweupe. Baadaye Bakari akapandisha bei. Mwamvita akafanya ujanja. Akachanganya krimu kidogo na sabuni ya unga ya kufulia, na dawa ya kung'arishia nguo. Anakoroga kwa kijiti, anapaka. Inawasha, anavumilia.

Basi wateja wakaanza kumsifu. "Mwamvita, umenawiri!"

Sie watu wa pwani tukisema mtu kanawiri, tunasema mambo mawili kwa mpigo. Uso umeng'aa, na mwili umejaa. Mwamvita alikuwa nayo yote mawili. Mashavu yakajaa. Miguu ikajaa. "Ndoa imemkubali," wakasema wanawake. Hata mie nikasema moyoni, haya, mjukuu yuko njiani. Nikafurahi peke yangu pale barazani kama mjinga.

Mjukuu hakuja. Kikaja kitu kingine.

Kwanza Mwamvita akaanza kuukimbia moto. Joto la chuma likimfika usoni, ngozi inamuungua. Anakaa mbali, anageuza vitumbua kwa kunyoosha mkono. Vinaungua. Jua nalo akawa haliwezi. Kisha ikawa akiamka macho hayafunguki, yamevimba. Jioni miguu haiingii kwenye kandambili.

Chumba cha nyuma kwetu alipanga nesi mmoja, Eufrazia, mtu wa Masasi. Anafanya kazi zahanati. Kila asubuhi ananunua vitumbua. Siku hiyo akanunua, lakini hakuondoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vimeungua leo, utusamehe."

"Vitumbua si kitu. Mwamvita, dada, hebu nyoosha mguu."

"Ya nini tena?" Mwamvita akasema. "Nimenenepa tu. Wivu huo."

"Haya, wivu. Nyoosha."

Eufrazia akachuchumaa. Akabonyeza dole gumba kwenye muundi, hapa mbele ya mguu penye mfupa. Akashikilia kidogo, kisha akaachia. Shimo likabaki. Mie niliona kwa macho yangu. Shimo la kidole, kama mtu kabonyeza donge la unga. Tukalitazama. Ngozi haikurudi.

"Unene haufanyi hivi," Eufrazia akasema. "Haya ni maji. Unapaka nini usoni?"

"Mafuta ya nazi."

"Mafuta ya nazi hayaachi vifundo vya vidole vyeusi, na mkono mweupe."

Mwamvita akaficha mikono ndani ya kanga.

Eufrazia hakumgombeza. Akaingia chumbani kwake, akatoka na kile kijiti cha kioo cha kupimia homa. "Mzee, unaiona hii inayong'aa humu ndani? Inaitwa zebaki. Ni sumu. Krimu nyingi za kujichubua zinatiwa zebaki. Ndiyo inayoua weusi wa ngozi. Lakini haikai kwenye ngozi. Inapenya, inaingia kwenye damu, inakwenda kwenye figo. Figo ni chujio la mwili. Chujio likiharibika, maji yanabaki mwilini, mtu anavimba. Na nyie mnamwambia kanawiri."

"Mkojo wako una povu?" akamuuliza Mwamvita kwa sauti ya chini.

Mwamvita akaitikia kwa kichwa.

Siku hiyohiyo akapelekwa hospitali kubwa. Wakapima mkojo. Ikawa kama alivyosema Eufrazia. Akalazwa. Jabiri alikuwa anakwenda kumtazama kila akitoka kazini, anakaa kitandani kwake. Akirudi nyumbani anavuta sigara moja, anawashia nyingine.

Uvimbe ulipopungua wakamruhusu. Wakamwambia, chumvi punguza, vidonge meza, kliniki njoo, krimu usiiguse tena. Ukiigusa, figo zitakufa, na figo zikifa nawe umekwenda.

Mngedhani basi yameisha. Hata mie nilidhani.

Adhuhuri moja niliingia ndani kutafuta maji. Nikamkuta Mwamvita kainamia debe la mchele, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko. Akautoa. Mkononi kikopo cha mwezi.

Tukatazamana. Mie mkwe wake, kuna mambo mkwe haulizi. Nikashika kata yangu ya maji nimesimama.

"Baba," akasema, "usimwambie Jabiri. Rangi yangu inarudi. Nikirudi kama zamani, ataoa mweupe."

Sikusoma mie. Maneno laini sina. Nikamwambia, "Mwanangu, ukifa ataoa vilevile."

Akalia. Lakini kikopo hakukitupa. Alikirudisha kwenye mchele. Nikajua huyu hatumii krimu kwa kutojua. Sasa anajua, na bado ataitumia. Usiku huo mchele sikuugusa.

Eh, nilikuwa nakwenda wapi? Mkutano.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Albano, Mmakonde, mchonga vinyago. Jumapili mchana akatuita kwake. Tukakaa uani, juu ya magogo, katikati ya mapande ya mpingo na vumbi la kuchonga.

"Ndugu zangu," Albano akasema, "chama kinataka maoni yetu. Je, serikali iongeze ushuru kwenye vitu vya anasa? Bia, sigara, manukato, krimu za uso. Semeni. Ila tusipigane, tezo zangu ziko hapa."

Jabiri akasimama kabla ya wote. "Mie naunga mkono! Krimu hizo zitozwe ushuru mpaka zisinunulike. Mke wangu zimemuua nusu."

"Na sigara?" akauliza Demetria. Huyu ni fundi cherehani, mdomo wake mkali kuliko mkasi wake.

"Sigara ni kiliwazo cha mfanyakazi."

"Ooo! Yenu kiliwazo, yetu anasa!" Wanawake wakaangua kicheko. Demetria akaendelea. "Juzi vijana wa chama walitupima sketi kwa rula, eti fupi. Leo mnataka kutupima mashavu. Ngozi yangu, mafuta yangu. Uhuru huu niombe ruhusa ya kujipaka? Kesho mtatoza wanja na hina!"

Nami nikaona maneno yake yana uzito. Mtu mzima si mtoto wa kuchaguliwa kila kitu.

Bakari mwenye duka akakohoa. "Sie wauzaji hatumlazimishi mtu. Serikali ikitaka ushuru, tutatoza. Mnunuzi atalipa, serikali itapata, zahanati itapata dawa. Nani kapata hasara?"

"Mie," ikasema sauti.

Alikuwa Mwamvita. Kakaa kwenye mkeka wa wanawake, kajifunika kanga mpaka machoni. Akaifunua. Uso wake ulikuwa na mabaka, hapa peupe, hapa peusi, hapa pekundu.

"Bakari alipopandisha bei, sikuacha," akasema. "Nilichanganya na dawa ya kufulia. Mkiongeza ushuru nitakula mlo mmoja, nipate kikopo. Mkiongeza tena, nitanunua kwa watu wa magendo, sijui hata kimetiwa nini. Mie sikupaka kwa sababu krimu ni rahisi. Nilipaka kwa sababu nyumbani kwangu kuna mtu aliniambia mke mweupe hata gizani anaonekana. Maneno hayo mtayatoza ushuru gani?"

Hakuna aliyemtazama Jabiri. Ndiyo ilivyokuwa mbaya zaidi. Kila mtu alitazama chini, kwenye vumbi la mpingo.

Eufrazia akaomba ruhusa. "Balozi, niseme moja. Tusichanganye. Hina na wanja wa jadi, Demetria ana haki, tumwachie mtu na uzuri wake. Bia na sigara zinadhuru, na wanaoumwa tunawatibu sote. Hapo ushuru ni haki, mvutaji achangie dawa atakayokuja kunywa. Wengine watapunguza pia, hasa vijana ambao hawajaanza. Lakini krimu yenye zebaki ni sumu hata ukipaka kidogo. Sumu haitozwi ushuru. Ukiitoza, umeipa ruhusa. Serikali itakuwa inakula pamoja na sumu sahani moja. Sumu inazuiwa bandarini, na dukani inaondolewa."

"Na ugoro je?" akauliza mtu nyuma.

"Ugoro na sigara ni tumbaku moja," Eufrazia akasema.

Wakanigeukia. Nikanyamaza kama maji mtungini.

Albano akaokota pande la mpingo. Mpingo ukikatwa unaona, nje kuna mti mweupe, ndani mweusi tii. "Mie sijui siasa ya krimu," akasema. "Lakini maisha yangu yote kazi yangu ni hii. Nachukua tezo, nakwangua cheupe nakitupa, nakifikia cheusi. Cheupe kinaliwa na mchwa. Cheusi ndicho mtu anachonunua. Sijapata kuona mchonga vinyago anayetupa cheusi, akauza maganda."

Watu wakacheka, lakini taratibu.

Jabiri akasimama tena. Safari hii hakupaza sauti. "Maneno yale niliyasema mie. Nilikuwa natania. Mwamvita, mbele ya balozi na mbele ya baba, nayarudisha. Nilikuoa nikikuona. Sijaomba mwingine."

Akatoa paketi ya sigara mfukoni, akaitazama. "Na hii itozwe," akasema. "Nisiwe mwenye mkuki kwa nguruwe."

Mwamvita aliinuka, akaondoka. Tukadhani kakasirika. Mara akarudi, mkono mweupe kwa vumbi la mchele, akamwekea balozi kikopo cha mwezi miguuni.

Tukapiga kura kwa mikono. Bia na tumbaku, ushuru uongezwe, na fedha ziende kwenye dawa. Manukato, hina na wanja, waachiwe watu. Krimu za sumu, zizuiwe kabisa, na watu wafundishwe. Demetria hakuinua mkono kwa lile la bia. Ni haki yake. Mie niliinua, ugoro ukiwa mfukoni.

Albano akapeleka maoni yetu kwenye tawi la chama. Huko juu mambo yanakwenda polepole, sikuwa na haraka nayo. Lakini Bakari hakungoja huko juu. Kesho yake aliviondoa vikopo vya mwezi kwenye rafu. Na jioni, badala ya hesabu, Eufrazia alikuja kisomoni akatuandikia ubaoni neno moja: ZEBAKI. Nilisoma herufi kwa herufi. Ndilo neno refu la kwanza nililolisoma mwenyewe.

Mwamvita alipona polepole. Si vyote vilirudi. Pembeni ya macho pana mabaka mpaka leo, na jua kali bado linamsumbua. Jabiri kamjengea kibanda cha makuti pale anapopikia. Sigara hajaacha, kapunguza. Sitawadanganya.

Asubuhi moja akapita mteja wa zamani, mama wa Kurasini, alikuwa kasafiri muda mrefu. Akasimama, akashika kiuno.

"Mwamvita! Umepatwa na nini, shoga yangu? Umekonda! Umekuwa mweusi! Zamani ulikuwa umenawiri wewe!"

Mwamvita akageuza kitumbua, akafuta mikono. Akanyoosha mguu nje ya kanga, hapo mbele ya watu.

"Bonyeza hapa," akasema.

Yule mama akashangaa. Akainama, akabonyeza kwa dole gumba. Akaachia. Ngozi ikarudi palepale. Hapakuwa na shimo.

"Umeona?" Mwamvita akasema. "Sasa ndiyo nimenawiri."