Saluti ya Chumba cha Mwisho

Haya yalimpata rafiki yangu Noreen, mhudumu katika nyumba ya kutunzia wanajeshi wastaafu kule Maine, mwaka ule wa korona. Awali, mzee akifariki hufunikwa bendera, na wenzake hujipanga kwenye korido kumpigia saluti. Korona ikakomesha hayo. Kila mtu akafungiwa chumbani.

Jioni hiyo dhoruba ilikuwa imekata umeme. Noreen alikuwa akiusukuma mwili wa Mzee Thibodeau peke yake gizani, magurudumu yakilia.

"Bendera umemwekea?" Mzee Pelkey akauliza nyuma ya mlango wake.

"Nimemwekea, babu. Rudi kitandani, utaanguka bure."

"Kalale wewe! Mwenzangu anapita."

Ta! Visigino vya Mzee Pelkey vikagongana kwa saluti nyuma ya mlango. Mlango wa pili, ta! Wa tatu, ta! Machozi yakamlowesha Noreen barakoa.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha Mzee Cyr, aliyefariki asubuhi. Noreen mwenyewe alikuwa ametoka kukipiga deki na kukifunga kwa ufunguo.

Ta!

Akamulika simu kwenye kioo cha mlango. Kitanda kilikuwa kitupu. Kwenye sakafu iliyolowa palikuwa na nyayo mbili tu za buti, visigino vimegusana, zikielekea mlangoni.